Neno la Tatu

Kisanduku nilikifunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye mgunga wa mpakani, shambani kwetu Chali.
Betri nne, kadi moja, vinasa sauti viwili
vilivyochomoza kama masikio ya popo.
Mama akauliza kinakula nini.
Nikamjibu: sauti.
Akasema: basi hapa kitanenepa.

Ilikuwa Februari, uwele umeanza kutunga,
kwelea kwelea wakipanda kutoka bwawa la Bahi
kama shuka linalokung'utwa vumbi.
Mama juu ya ulingo, kombeo mkononi,
madonge ya udongo mapajani,
na ule ukelele wake, si wimbo wala si tusi:
*Hoyaa! Nyie msio na jembe!*

Chuoni, ghorofa ya pili, chini ya feni inayokwaruza,
niliimwaga kadi ndani ya kompyuta.
Saa mia sita za Chali zikajitandaza kama mkeka,
madoa, michirizi, vilima vya kijani,
na programu ikaanza kutaja majina:
Tetere, asilimia tisini na nane.
Hondohondo, themanini na mbili.
Mbuzi wa jirani ikamwita bundi; nikaisamehe.

Kanga ndio walionikalisha mpaka usiku.
Wana neno fupi, kali: *mwewe*,
na shamba zima huinamisha vichwa.
Wana neno linalokatikakatika: *nyoka*,
na kila mmoja hutazama miguu yake.
Halafu wana la tatu.
Linaanza chini, linapanda, linakatika kama kamba ya ndoo.
Programu iliandika: haijulikani.

Lilitokea saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Lilitokea saa kumi alasiri.
Jumapili halikutokea mpaka saa saba.
Nikalipima kwa mvua, kwa joto, kwa mwezi.
Dokta Mhembano akasema, labda ni nguchiro.
Nguchiro gani huyo, Dokta, anayekwenda ibadani?

Nikaongeza sauti.
Nyuma ya kanga, mbali, kama sindano kwenye majani makavu,
kipago cha pili cha ngazi kililia,
kile ambacho marehemu baba aliahidi kukipigilia.
Kisha kikohozi.
Nimelala karibu na kikohozi hicho miaka kumi na minane.

Kadi ya mpiga kura inamwita Mbereje.
Ushirika unamwita *mke wa Masinjila, ekari mbili*.
Zahanati iliwahi kumwandika mwanamume.
Kanga hawajakosea hata siku moja.

Nikampigia simu, nikamsikilizisha.
Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata.
Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani:
"Wanasema, *yule mkorofi kaja*.
Kumbe nina jina kwao,
na sijawapa hata punje!"

Mwaka huu goti limemshusha.
Yuko kwa dada, Chang'ombe, anafukuza kuku wa watu
kwa kombeo lisilo na donge.
Ulingoni yuko Nhonya, mtoto wa shangazi,
mwenye redio, na miluzi, na miguu mepesi;
kanga wanamwita kwa neno jingine, refu, la dharau kidogo.

La tatu nimelipata mara mbili tu msimu mzima.
Tarehe tisa Machi: siku hiyo mama alipanda basi
kwenda kuuona uwele, akashikilia fimbo,
akakohoa, akarudi.

Na tarehe ishirini na moja, alfajiri.
Nimeisikiliza mara kumi na nne.
Hakuna ngazi. Hakuna kikohozi. Nhonya hajafika.
Kanga mmoja tu analisema, taratibu,
anatulia sekunde sita,
analisema tena.

Programu inasema: asilimia hamsini na moja.
Inauliza kama nataka kulifuta.